Jasho Letu Lisisahaulike Pangani

Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi wageni hufika Pangani kwa matembezi ya siku moja. Kijana wa mjini huwatangulia, huwaonyesha Boma, milango ya nakshi na majumba ya kale kando ya mto; jioni hurudi walikotoka. Jambo hili ni jema, kwani huleta riziki. Lakini twauliza: mwenyeji atapona kwa lipi, ikiwa habari inayosimuliwa ni ya mwenye nyumba tu, na aliyebeba mawe hatajwi?

Swali hili twaliuliza hasa kwa ajili ya ndugu zetu wa Mnazi, wilayani Lushoto, chini ya milima ya Usambara. Mnazi iko mbali na bahari, lakini watu wake waujua mkonge kwa mikono yao, na mkonge wa nchi hii ulianzia Pangani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche kutoka Florida, Marekani. Aliagiza 1,000, iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya Mto Pangani. Kutokana na mwanzo huo mdogo mashamba yakaenea, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge.

Mkonge haukujikata wenyewe, wala haukujipitisha kwenye korona. Ulikatwa na manamba, watu waliotolewa makwao kwa mkataba, wakahesabiwa kwa namba, na siku zao 30 za kazi zikaandikwa katika kipande. Ikiwa mgeni ataambiwa jina la Hindorf, basi na aambiwe pia habari za manamba.

Yako pia machungu ya zamani zaidi. Baada ya kufa Kimweri ya Nyumbai, katika miaka ya 1860, Usambara iliingia vita vya kugombea enzi. Watu wengi walitekwa, wakauzwa, wakateremshwa pwani, na Pangani ilikuwa mlango mmojawapo. Wengine walibaki hapo hapo wakilima miwa kando ya mto. Kwa hiyo mtu wa Usambara aingiapo Pangani haingii ugenini. Huenda akakanyaga njia ya babu zake.

Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake Pangani kwa ubabe, na watu wa pwani wakakataa. Abushiri bin Salim alikuwa kiongozi wao mkubwa, naye alinyongwa papo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Twamheshimu kwa kukataa kutawaliwa. Hata hivyo hatuna haki ya kuficha kwamba Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa lililolimwa na watumwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na shujaa naye asifiwe bila kufutiwa makosa yake. Taifa linaloogopa nusu ya habari zake litasimuliwa na wengine.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, wanaoongoza wageni Pangani wasiishie kwenye kuta za Boma; wavuke mto hadi Bweni na kufika Kikogwe, na habari za mtumwa na za manamba zisimuliwe pamoja na za gavana na tajiri. Wazee waliofanya kazi mashambani wapo. Vijana wawaulize kabla hawajatutoka.

Pili, fedha za mgeni zibaki kwanza mikononi mwa watu wa Pangani wenyewe: mwongozaji, mama lishe na mwenye mashua.

Tatu, matembezi haya yasiwe ya wageni wa mbali peke yao. Matawi ya vyama vya wafanyakazi na shule za Mnazi, Mlalo na Korogwe yachange nauli, yapeleke watu wao. Safari ya kutoka Mnazi ni ndefu. Walale Tanga, siku ya pili iwe ya Pangani nzima.

Mtoto wa mkata mkonge akisimama Kikogwe, atajua kwamba utajiri ulioijenga nchi hii ulipita katika viganja vya baba yake. Akishayajua hayo, hatakubali kuambiwa kwamba kazi ya mikono ni kazi ya mtu duni.