Ng'ombe Hawaponyi Jeraha la Binti



Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona jikoni tu. Hapa Nkome, mama mmoja alituletea binti yake wa miaka 15 aliyebakwa. Ilikuwa siku ya nne. Siku zote hizo wazee walikuwa kikaoni wakipatana idadi ya ng'ombe. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na saa hizo zilikwishia kikaoni. Tuliweza bado kumpa dawa ya kuzuia mimba, ambayo hufaa hadi siku ya tano.

Usukumani tunaijua chagulaga: vijana humzingira msichana njiani, wakimtaka achague mmoja wao. Wengine huiita njia ya kuposa. Lakini tujiulize, aliyezingirwa na vijana watano atathubutu kusema hamtaki hata mmoja? Kuchagua kwa hofu si kukubali.

Sheria nayo haihesabu ng'ombe. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mwanamume mzima akibaka hufungwa miaka isiyopungua 30. Na kwa binti wa chini ya miaka 18 ambaye hajaolewa, hata akikubali, ni ubakaji.

Tunajua kwa nini familia husita. Mkosaji huwa jirani au ndugu, na ng'ombe huonekana kuleta amani. Lakini tusome habari za Tamari katika 2 Samweli 13. Kaka yake alimwambia anyamaze. Mfalme Daudi alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alimwadhibu Amnoni. Tamari akabaki mkiwa, na baada ya miaka miwili Absalomu akamuua Amnoni. Ukimya ule haukuleta amani.

Kwa hiyo, mama, likitokea:

Usimwogeshe mtoto kabla hajapimwa. Nguo zake usizifue. Zifunge kwenye karatasi au khanga, si kwenye plastiki.

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Toa taarifa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, upate fomu ya PF3.

Usimuulize alivaa nini. Mwambie kwamba unamwamini.

Na wana wetu wa kiume tuwafundishe mapema, tungali tunawapakulia ugali, kwamba msichana akisema hapana, basi ni hapana. Mkwe mwema huanza kulelewa nyumbani kwa mama yake.

Bwana atupe ujasiri wa kusema.