Jiwe Lisilo na Sanadi

Ukurasa wa Vijana na Nyumba



Kijana mmoja wa Endasak, katika Wilaya ya Hanang, ametuletea barua ndefu pamoja na picha ya jiwe. Asema kwamba alikwenda Lindi kumzuru mjomba wake, na siku moja, wakipita bondeni, aliona katika ukingo wa kijito uliobomolewa na mvua jiwe la kiasi cha kiganja. Jiwe lenyewe limejizungusha kama pembe ya kondoo dume, na lina mistari iliyopangwa sawasawa. Akalitia mkobani, akarudi nalo kwao.

Tangu siku hiyo nyumba yao haina raha. Bibi yake ataka jiwe lifungwe kitambaa litundikwe juu ya kitanda cha mdogo wake aliye mgonjwa, maana aona ni dawa. Baba yake ataka litupwe, maana aona ni kitu cha majini. Mwalimu mmoja amemwambia kuwa jiwe lina umri wa mamilioni ya miaka, na jirani aliyesikia akasema kwamba kusadiki maneno hayo ni kufuru. Na mfanyabiashara mmoja amemwahidi fedha, naye angoja jawabu. Kijana auliza: “Nimtii nani?”

Ewe mwanetu, tumefurahi kwa kuwa umeuliza kabla hujatenda. Tutakujibu neno baada ya neno, na wenzako wasikilize, maana jambo hili si lako peke yako.

Kwanza, jiwe hili ni kitu gani? Kwa kadiri picha inavyoonyesha, ni gamba la mnyama wa baharini aitwaye amonaiti, lililogeuka jiwe. Mnyama huyu alikuwa wa jamaa ya pweza na ngisi, ila yeye alikaa ndani ya gamba. Gamba hilo liligawanyika vyumba vingi vidogo, naye akiishi katika kile cha mwisho kilicho wazi. Vile vya nyuma vilimsaidia kuelea majini. Alipokufa, gamba likazama katika tope, tope likalifunika na kulijaza, na kwa muda mrefu likawa jiwe. Jamaa yote ya amonaiti ilitoweka duniani yapata miaka milioni 66 iliyopita, wakati ule ule walipotoweka wale wanyama wakubwa waitwao dinosaria.

Wala usidhani kwamba elimu hii ni ngeni kwa Waislamu. Al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarazm, aliandika mnamo mwaka 1025 kwamba nchi kavu ya Arabuni ilipata kuwa bahari, akatoa ushahidi wa mawe yanayotoka katika visima, ambayo yakipasuliwa huonekana ndani yake makombe ya baharini. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza jinsi viumbe wanavyogeuka mawe na jinsi milima inavyofanyika kwa muda mrefu. Wazee hawa hawakuliogopa jiwe wala hawakulitukuza. Walilitazama, wakaliuliza.

Ama kuhusu dawa na majini, bibi yako na baba yako wamekosea kwa njia mbili zinazokutana mahali pamoja, kwani wote wawili wamelipa jiwe nguvu lisiyo nayo. Si wao wa kwanza. Jina lenyewe la amonaiti limetokana na Amun, mungu wa Wamisri wa kale, aliyechorwa na pembe za kondoo. Katika mto Gandaki, nchi ya Nepal, mawe haya huokotwa na Wahindu huyafanya alama ya mungu wao Vishnu. Na huko Whitby, Uingereza, watu walisema kuwa ni nyoka waliogeuzwa mawe, hata wachuuzi wakayachonga vichwa vya nyoka ili wayauze kwa bei kubwa. Basi mwambie bibi yako kwa adabu, ukiwa umeketi chini mbele yake, kwamba mtoto apelekwe hospitali na aombewe dua. Na baba yako mwambie kwamba jiwe halina jini, lakini lina habari.

Na huo umri? Mwalimu wako hakukudanganya. Amonaiti walikuwa wa namna nyingi, na kila namna iliishi kwa muda kisha ikafuatwa na nyingine. Kwa hiyo tabaka mbili za mawe zilizo mbali mbali, zikikutwa na amonaiti wa namna moja, hujulikana kuwa ni za zama moja. Na pahali penye majivu ya volkano, wataalamu hupima chembe fulani za madini zinazobadilika kwa mwendo usiogeuka, wakapata hesabu ya miaka. Kuhesabu umri wa alichokiumba Mwenyezi Mungu si kumkana aliyekiumba. Siku zilizo kwake Yeye si lazima ziwe kama siku zetu za jua kuchomoza na kuchwa, na haya wanavyuoni wetu waliyasema zamani. Jirani yako na ajihadhari na neno kufuru, maana ni neno zito kulitupa juu ya mtoto wa watu.

Sasa twafika kwenye lile tunalotaka ulishike kuliko yote. Katika barua yako umesema: “Sikumbuki sawasawa ni kijito kipi.” Ewe mwanetu, hapo ndipo penye hasara.

Sote twajua kwamba hadithi haipokelewi kwa uzuri wa maneno yake tu. Huulizwa: nani aliisikia, kwa nani, na huyo aliipata wapi? Isipokuwa na sanadi, huwekwa kando hata kama yapendeza masikioni. Jiwe nalo ni hivyo hivyo. Sanadi yake ni mahali lilipotoka, tabaka iliyolishika, vitu vilivyokuwa pamoja nalo, siku lilipookotwa na jina la aliyeliokota. Likiwa nayo, ni shahidi. Likiikosa, ni pambo la kabatini.

Tazama mfano wa huko huko Lindi. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Bernhard Sattler, alipata habari za mifupa mikubwa katika kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Kuanzia mwaka 1909 hata 1913 kulifanywa uchimbaji mkubwa, na wafanyakazi wenyeji kwa mamia walichimba na kubeba mizigo kwa vichwa na mabega, safari ya siku kadhaa mpaka bandarini, zaidi ya tani 200. Msimamizi wao mkubwa alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jina lake lastahili kujulikana na kila mtoto wa nchi hii. Mifupa ilitiwa namba, na pahali ilipotoka pakaandikwa. Na kati ya tabaka zenye mifupa zimo tabaka za mchanga wa bahari zenye makombe na amonaiti, na hao ndio waliosaidia kujulisha kwamba wanyama wale waliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mnyama mmoja wa Tendaguru, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin tangu mwaka 1937. Fahamu basi: konokono kama huyo wako, akiwa mahali pake, alimtolea ushahidi jitu kama lile.

Wako vijana wa pwani watakaosoma haya wakatamani kutoka kesho na nyundo. Tuwaambie machache. Majabali meupe ya ufukweni, ya mawe ya matumbawe, ni machanga mno, wala hamtapata amonaiti ndani yake. Wao hukaa katika mawe ya kale zaidi yaliyo nyuma ya hayo, ya udongo mgumu uliopangika kama kurasa. Mombasa, kwa mfano, kisiwa ni matumbawe, lakini bara ya upande wa Changamwe na Miritini ni mawe ya namna hiyo ya kurasa, na amonaiti waliotoka Mombasa waliandikwa habari zao Berlin na Ernst Beyrich tangu mwaka 1877.

Mwenye kwenda asiende peke yake, na wazee wake wajue. Aende maji yakipwa, na ajue saa yatakapojaa. Asisimame chini ya ukingo uliochimbika, hasa baada ya mvua. Aokote kilichokwisha anguka, asibomoe ukuta. Kabla ya kuinua kitu, akiandike na kukichora mahali kilipo. Kisha akifunge katika gazeti kuukuu na kukitia namba ile ile iliyo daftarini. Shamba la mtu lina mwenyewe, basi ruhusa iombwe. Wala asichimbe, maana Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo yataka leseni kwa mwenye kuchimba mabaki ya kale na ruhusa kwa mwenye kuyatoa nje ya nchi. Na Kenya inayo sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006.

Kwa hiyo, mfanyabiashara yule mrudishe kwa maneno mema. Fedha yake itakwisha kwa mwezi mmoja, na jiwe litakwenda mahali ambapo hata jina la Lindi halitatajwa. Mwandikie mjomba wako leo hii, kumbukumbu ingali mbichi. Mwende tena pamoja naye kwenye vijito vile, mtafute ukingo ule uliobomoka, muandike. Kisha lipeleke jiwe pamoja na karatasi yake kwa wataalamu wa Makumbusho ya Elimu Viumbe mjini Arusha, ambako si mbali sana na kwenu.

Wala usihuzunike kwamba Endasak haina bahari. Mlima wenu Hanang ni volkano, nao hautakupa amonaiti, lakini nchi inayokuzunguka haikosi habari. Mbolea ya Minjingu inayotiwa mashambani hutoka katika kilima kilichokuwa kisiwa zamani, ziwa Manyara lilipokuwa kubwa zaidi. Ndege wala samaki walikaa hapo kwa makundi, na kinyesi chao na mifupa yao ndiyo iliyofanyika mbolea. Na huko Mahenge ya Singida, katika tope la ziwa la kale la miaka kama milioni 46, wamepatikana samaki na hata popo, aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 2003.

Tena lipo jambo ambalo nyinyi wa Hanang mwalijua kwa machozi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na miti vilishuka kutoka mlimani juu ya Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Mtu aliyejizoeza kusoma tabaka, akiona katika ukingo wa korongo mawe makubwa yamechanganyika na tope bila mpango, hujua kwamba hapo palipata kushuka tope zamani, na huweza kuwaambia watu wasijenge pale. Kujua hivyo ni kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Jicho ulilolifumbua kwa konokono wa Lindi, lifumbue pia kwa korongo la kwenu, na daftari lako lisikutoke mkononi.

Tuandikie tena utuambie mlikipata kijito. Na habari za mdogo wako, tafadhali, zitangulie.

Wallahu aalam.