Reli na Watu wa Njiani

Wako wataalamu wanaoamini kwamba kazi ya kupanga reli imekwisha pindi mstari ulionyooka unapochorwa baina ya bandari na ziwa, na mwendo wa garimoshi ukazidishwa. Imani hiyo ni potofu, na Tabora ni shahidi wa kuikanusha.

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ikafika Ujiji. Misafara hiyo, iliyochukua pembe na hata watumwa, haistahili kusifiwa kwa wema wake; yastahili kutazamwa kwa mpango wake. Wapagazi walitua penye maji, chakula na soko. Tabora ikawa njia panda: huku Ujiji, huku Karagwe na Buganda. Wajerumani walipoifikisha reli hapo mwaka 1912 walifuata mpango huo huo, na tawi la Mwanza la mwaka 1928 likaithibitisha njia panda. Lakini kwenye ncha zote mbili mpango uliachwa. Reli ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikaishia Kigoma mwaka 1914. Ujiji, ulio kilomita chache tu kutoka hapo, ukapitwa na biashara yake. Basi kilomita chache katika ramani zaweza kuudhoofisha mji mzima.

Sasa imekuja reli ya upana wa milimita 1,435. Treni zake za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, kwa mwendo ufikao kilomita 160 kwa saa, na njia yake imepangwa kupita Tabora kwenda Mwanza na Kigoma. Ni jambo la fahari. Lakini mkulima wa tumbaku wa Urambo, mrina asali wa Kaliua na mchuuzi wa chumvi wa Uvinza hawasafiri kutoka bandari hadi ziwa. Safari zao ni za stesheni mbili tatu.

Hujibiwa kwamba kila kituo hula dakika. Ni kweli; na kwa sababu hiyo treni moja isibebeshwe kazi mbili. Ya haraka isimame katika miji mikubwa; ya reli ya zamani, yenye upana wa mita moja, isimame kila stesheni; na ratiba zao zikutane Tabora, ili atokaye Mpanda asilale stesheni akingojea ya Mwanza. Jambo hili halitaki daraja wala handaki. Lataka saa, kalamu na nia.

Kuiacha reli ya zamani ife kwa kuwa mpya imewasili ni kulirudia kosa la Ujiji katika kila stesheni ndogo. Reli iwapitayo watu wake mbio pasipo kuwapakia ni mali ya miji miwili, ule wa mwanzo na ule wa mwisho. Haistahili kuitwa reli ya nchi.