Kura sita si suti: tuanze na ya wadi

Tarehe 9 Agosti 2022 nilimpeleka mama yangu kupiga kura katika shule moja ya msingi hapa Mombasa. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, na sheria inamruhusu mpiga kura wa hali hiyo kuingia na mtu anayemwamini. Nikajaza fomu ya kiapo mbele ya msimamizi wa kituo, tukasimama wawili nyuma ya kile kiboksi cha kadibodi. Siku hiyo sisi wa Mombasa tulipewa karatasi tano badala ya sita, kwa kuwa karatasi za ugavana zilichapishwa na makosa na uchaguzi wa kiti hicho ukaahirishwa.

Ya urais mama hakuniuliza kitu. Alikuwa na wake kitambo, na sitawaambia ni nani. Ya seneta, ya mbunge na ya mwakilishi wa kike alitaja jina moja moja nami nikaweka alama. Tulipofika ya wadi akaninong'oneza, "Na huyu wa mwisho ni nani, mwanangu?"

"Wa chama chetu, mama."

"Namjua?"

"Hata mimi simjui. Tumalize suti tu."

Akasema haya, weka. Nikaweka. Kisha nikachukua karatasi zangu mwenyewe nikafanya vivyo hivyo.

Mapema mwaka 2024 mama huyo huyo akanituma ofisi ya wadi kuchukua fomu ya basari ya mjukuu wake aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza. Mara ya kwanza nilikuta kufuli. Mara ya pili kufuli. Mara ya tatu nilimkuta kijana amekaa nje akaniambia fomu ziliisha wiki iliyopita, na lau ningekuwa na mtu wa ndani ningepigiwa simu. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mama alinitazama, akauliza kwa upole, "Si ndiye yule tuliyemalizia suti?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mtu mwenye diploma yake, anayekaa barazani kila jioni na kikombe cha kahawa kuchambua siasa za Nairobi mpaka za Washington, nilitumia kura mbili, yangu na ya mama mzazi, kumpa kazi mtu nisiyemjua hata kwa sura.

Ndugu msomaji, tukielekea tarehe 10 Agosti 2027 tutaambiwa tena tuvae suti, yaani rangi moja kutoka rais hadi mwakilishi wadi. Wanaotuambia hivyo wana hoja, na haifai kuidharau. Gavana asiye na watu wake katika bunge la kaunti anaweza kukwamishwa bajeti, na anayeumia ni mgonjwa anayesubiri dawa. Hilo kweli. Lakini bunge la kaunti liliwekwa na Katiba ya 2010 ili limuulize gavana maswali. Likijaa watu walioingia kwa mgongo wa chama chake, nani atauliza? Mombasa tuna wadi 30. Hawa thelathini, pamoja na wale wa kuteuliwa, ndio wanaopitisha bajeti ya kaunti, ndio wanaotunga sheria za kaunti kuhusu masoko na ada za biashara, na ndio wenye uwezo wa kuanzisha hoja ya kumng'oa gavana. Chekechea ziko chini ya kaunti. Zahanati ziko chini ya kaunti, na hata hospitali kubwa ya Makadara. Maji yanayokuja bombani, au yasiyokuja mpaka tukanunua mtungi kwa mwenye mkokoteni, nayo ni ya kaunti. Yaani karibu kila kinachotukera kuanzia alfajiri hadi isha kinapitia mikononi mwa yule wa karatasi ya mwisho, ambaye tunamchagua tukiwa tumechoka na foleni.

Na yeye anajua. Hapa ndipo penye ubaya wa suti. Mtu aliyeingia kwa rangi ya chama hana deni kwa mtaa. Deni lake liko kwa aliyempa tiketi. Kwake uchaguzi ulimalizika siku ya mchujo, pengine katika chumba cha hoteli, na ile siku ya Agosti ilikuwa ya kukamilisha tu. Ndiyo maana wengine hukata simu zao siku ya pili.

Upande mwingine tunamlaumu kwa yasiyo yake. Nimesikia watu wakimtukana mwakilishi wadi kwa sababu ya polisi, na polisi ni ya serikali kuu. Shule za msingi na sekondari pia ni za serikali kuu, na pesa za kujengea madarasa mara nyingi hutoka kwenye hazina ya CDF kwa mbunge. Mwakilishi wa kike ana hazina yake ya vikundi vya akina mama, vijana na walemavu. Seneta kazi yake ni kutetea mgao wa kaunti kule Nairobi na kukagua unavyotumika. Ukijua nani ana mfuko gani, unajua pia umuulize nani lipi kabla hujampa kura, na mwaniaji wa wadi akikuahidi kituo cha polisi unajua papo hapo ama hajui kazi anayoiomba ama anakuona mjinga.

Sasa turudi kwenye ule uchaguzi wa ugavana ulioahirishwa, kwa sababu una hesabu ambayo hatukuizungumza vya kutosha. Ulifanyika tarehe 29 Agosti 2022. Abdulswamad Nassir alishinda kwa kura 119,083 na Hassan Omar akapata 98,105. Alishinda kihalali, sina neno. Ila daftari la wapiga kura wa Mombasa lilikuwa na watu zaidi ya laki sita na elfu arobaini. Aliyeshinda alipata chini ya mmoja katika kila watano waliojiandikisha. Walioshinda kwa wingi hasa ni waliobaki nyumbani. Mama yangu, na magoti yake, alirudi kituoni siku hiyo. Vijana wa mtaani kwetu, wenye miguu yao mizima, walisema wameshachoka, urais umekwisha, hii moja ya nini?

Hii moja ndiyo iliyokuwa ya hospitali na maji.

Na asiniambie mtu kwamba kura yake moja haina uzito. Waulizeni watu wa Magarini. Mwaka huo huo wa 2022 kiti cha ubunge kule kiliamuliwa kwa tofauti ya kura 21. Ishirini na moja! Hao hawajazi hata matatu mbili. Kesi ikaenda mahakamani, ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, ushindi ukafutwa, na uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 27 Novemba 2025, zaidi ya miaka mitatu baadaye. Harrison Kombe akashinda tena, safari hii bila utata wa kura chache. Katika pengo kama lile la kwanza, kila karatasi iliyowekwa alama vibaya inageuka kuwa jambo la mahakama.

Kwa sababu hiyo nami naomba nipite haraka kwenye kazi ya mkono, maana wengi huona haya kuuliza. Urais peke yake mwaka 2022 ulikuwa na kura zaidi ya laki moja zilizokataliwa nchi nzima. Ukiweka alama kwa wawili, imeharibika. Ukiandika jina lako au kutia sahihi, imeharibika pia, kwa kuwa kura ni ya siri na haitakiwi kujulikana ni ya nani. Ukiitumbukiza tupu, ni hivyo hivyo. Weka alama moja ndani ya nafasi ya unayemtaka, ikunje, kisha tazama rangi ya kifuniko cha sanduku kabla hujaitia. Umekosea kabla ya kuitumbukiza? Usione haya, mrudishie msimamizi uombe nyingine, ni haki yako. Na kama unamsaidia mzazi, kama nilivyofanya mimi, sheria inasema kura ni yake na wewe ni mkono tu. Nilivunja kiapo kile? Sikumlazimisha mama, lakini nilimjibu kama mwenye kujua na hali sikujua. Masheikh wetu wamekuwa wakituambia miaka yote kwamba kura ni amana na ni ushahidi. Mimi nilimshuhudilia mtu nisiyemjua, na nikamshuhudiza mama.

Kuna na lile la mtu wetu. Nalijua, nami ni Mswahili wa hapa hapa, damu haikatwi kwa kisu. Lakini mtu wetu aliyefunga ofisi ni kufuli lile lile. Pale wadini kwetu mwaka 2022 kulikuwa na mama mmoja muuza mboga aliyewania bila chama. Watu walimcheka kwa kuwa hakuwa na magari wala fulana. Baadaye ndiye niliyemkuta akikusanya sahihi za majirani kwa ajili ya mtaro uliokuwa ukimwaga maji machafu mbele ya madrasa, na mtaro ule ulizibwa. Sijui kama atasimama tena. Nilimuuliza, akacheka akasema hana pesa za bango.

Mwezi uliopita mama ameniagiza jambo. Nimwandikie majina ya wote wanaotaka wadi yetu, kwa herufi kubwa, kila jina na mtaa anaokaa. Anataka kuanza na karatasi hiyo, halafu za juu zifuate. Mpaka sasa nimempelekea majina manne. Wawili anawajua tangu wakiwa watoto, mmoja ameshasema hamtaki na sababu hakunieleza. Wa nne nimemwambia simjui, naye akanijibu nimtafute, kuna siku nyingi bado.