BUSTANI YA NYUMBANI: Majani Yanapoungua Pasipo Moto

Mji wa Palma, ulioko pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, si mbali na mto Ruvuma, ulishambuliwa tarehe 24 Machi, 2021, na wakazi wake wakatawanyika. Wengi wamekwisha kurejea. Aliyekuta nyumba imebomoka huanza na paa. Lakini mboga nazo hazingoji, na kununua kila siku si jambo jepesi kwa mtu anayeanza upya. Basi mama wa nyumba hulima kitalu uani, hupanda nyanya na choroko, humwagilia asubuhi na jioni, na baada ya majuma machache huona kingo za majani zimekauka kama zilizopitiwa na moto. Huzidisha maji ya kisima. Mimea hufa upesi zaidi.

Maradhi hayo si ya wadudu, wala si husuda ya jirani. Ni chumvi.

Katika ardhi ya mchanga na mawe ya matumbawe, maji baridi ya visima hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini, kama mafuta yakaavyo juu ya mchuzi. Kisima kikichotwa polepole hutoa maji baridi. Kikichotwa ndoo nyingi mfululizo, maji ya chini hupanda. Kwa hiyo kisima kirefu si lazima kiwe bora. Yafaa ndoo ichote juujuu, kisha kisima kipumzishwe. Kipimo hakihitaji chombo: tone moja ulimini latosha. Maji yakikolea chumvi, choroko na vitunguu havitayastahimili; spinachi huvumilia zaidi, na mnazi kupita zote. Maji ya namna hiyo yamwagwe shinani wakati wa jioni, kamwe si juu ya majani. Tena ni heri kumwaga mengi kwa mara moja kuliko kunyunyiza kidogo kidogo, ili chumvi ishuke chini ya mizizi badala ya kubaki juu ya udongo.

Kabla ya jembe la kwanza, hata hivyo, ua uliopitiwa na vita hauna budi kukaguliwa. Chuma kisichojulikana kisiguswe wala kusogezwa, hata kikiwa kidogo. Watoto waondolewe, mahali hapo pawekewe alama kwa mbali, na askari waitwe.

Askari mwenyewe, kama alilelewa Njombe au katika nyanda za Mueda, huja na desturi yake ya kuinua matuta. Huko bara tuta huiokoa mizizi na maji mengi. Katika mchanga wa pwani, wakati wa kiangazi, tuta hilo hukauka kabla ya adhuhuri. Hapa kitalu hushushwa kiasi cha shubiri moja, chini yake yakatandikwa makumbi ya nazi, tumbo likitazama juu, kisha mboji na samadi iliyooza, na mwisho matandazo ya majani makavu. Makumbi hunywa maji na kuyatoa taratibu. Ila yale yaliyofukiwa ufuoni ili kupata nyuzi za kusokotea kamba yamekwisha kunywa bahari. Hayo yaachwe mvuani kwanza, na mwani vivyo hivyo.

Jambo la majivu lataka uangalifu zaidi, kwa kuwa karibu kila nyumba huyamwaga bustanini kwa nia njema. Katika udongo mchachu wa bara majivu ni dawa. Penye matumbawe, udongo tayari umejaa chokaa, na majivu huongeza magadi juu ya magadi, hata mmea ukashindwa kufyonza madini ya chuma yaliyomo udongoni. Dalili yake ni majani machanga kuwa manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Mboji ndiyo tiba, nayo haina haraka.

Nyanya zikinyauka mchana ingawa udongo una maji, mmoja ung'olewe. Mizizi yenye vinundu ni kazi ya minyoo fundo, wapendao mchanga. Hapo pasipandwe tena nyanya, bilinganya wala bamia kwa misimu kadhaa.

Upepo wa kusi hubeba mvuke wa chumvi. Ua wa makuti wenye matundu hukinga vyema kuliko ukuta, maana ukuta huuangusha upepo kwa kishindo upande wa pili. Fimbo za mlonge zikichomekwa kando yake huchipua, na majani yake ni mboga.

Mvua za Desemba hadi Aprili hugeuza hesabu yote. Chumvi huoshwa bila malipo, lakini kitalu kilichoshushwa huwa bwawa. Hapo tuta la mtu wa Njombe hupata nafasi yake, na choroko iliyoungua Septemba huota bila kumwagiliwa hata kikombe kimoja.