Kombe la Vyuo Lipande Lushoto

Michezo ya TUSA, chama cha michezo cha vyuo vikuu, ina mtindo wake. Timu hukusanywa kituo kimoja, zinacheza mfululizo, na baada ya siku chache bingwa ameshapatikana na mabasi yameondoka. Chuo chenye fungu dogo hubana orodha ya wachezaji, au hubaki nyumbani.

Tunasema mtindo huu ubadilike, na pa kuanzia ni milimani. Pale Magamba, juu ya mji wa Lushoto, ndipo kilipoanzia Chuo Kikuu cha Sebastian Kolowa, SEKOMU, mwaka 2007. Timu ya huku ikitaka mechi kubwa lazima iteremke. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 za kona, viatu vimepakatwa mapajani, wa kiti cha nyuma ameshafungua dirisha kichefuchefu kikimsumbua, na safari yenyewe haijaanza. Wageni nao wapande, waionje baridi yetu. Mashabiki hawatakosekana: bodaboda wa Soni watakuja, mama wa mahindi ya kuchoma atakuja, na wanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama watajaa pembeni mwa uwanja. (Hao wanasomea sheria, refa ajiangalie.)

Mfano wa kucheza nyumbani upo. Huko Marekani, ubingwa wa soka la wanaume vyuoni unashindaniwa tangu 1959. Siku hizi huingia timu 48, na raundi za mwanzo huchezwa kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe. Zikibaki nne ndipo zinakutanishwa mahali pamoja. Desemba 2024 kombe lilikwenda Vermont, chuo cha jimbo dogo la milima ambacho hakikuwamo hata kwenye timu 16 zilizopewa kipaumbele. Kiliifunga Marshall 2-1 katika muda wa nyongeza. Fedha zao hatuna, lakini basi la kutoka Moshi kuja Lushoto tunalo. Jirani zetu Uganda wana ligi ya vyuo vikuu, nyumbani na ugenini.

Halmashauri nayo isisubiri barua. Ardhi tambarare huku ni adimu. Viwanja vilivyopo vipimwe na vilindwe kabla havijaota nyumba. TUSA ipange hatua ya kanda mapema, vyuo vipokezane uenyeji, na mechi ya kwanza ya kaskazini iletwe Magamba.