Nembo imo humo humo kwenye PDF!

Leo nina dukuduku. Mahafali yakikaribia, kila chama hapa chuo kinataka ngao ya mbao yenye nembo, na kila kiongozi analeta nembo aliyoipiga picha kwenye kioo cha simu. Leza ikichoma kingo za ngazi ngazi, lawama kwa fundi. Jamani, si haki.

Barua rasmi ya PDF mnayo. Ifungue, ikuze mpaka asilimia 800. Kingo zikibaki laini, hiyo ni vekta, yaani mistari ya kihesabu, itachongwa kwa saizi yoyote. Zikigeuka vimiraba, ni picha tu iliyobandikwa mle; muombeni mwenye nembo faili la asili.

Kama ni vekta, Inkscape ni ya bure: ingiza ukurasa mmoja, vunja kundi (Ctrl+Shift+G, wakati mwingine mara tatu nne, usikate tamaa), futa kisicho nembo, geuza maandishi yawe mistari ili fonti isije ikakuumbua kwenye kompyuta nyingine, hifadhi SVG. Basi.

Wengine wanaamini kile kitufe cha kugeuza picha kuwa vekta kinafuta dhambi zote. Mimi sikubali. Kinakisia tu, na picha ikiwa mbovu kinakisia vibaya: herufi ndogo zinavimba, duara linakuwa kiazi. Na ile ngao anapewa mwalimu anayestaafu, ataitundika sebuleni miaka 20, wageni wakimuuliza hiyo ni nembo ya chama gani.